Naomba ushauri: PPR kwa maji ya moto ya hita ya sola

Wakuu, habari za majukumu. Namalizia nyumba Njombe, baridi ya kule mnaijua. Fundi kaleta bomba za PPR (plastiki zinazounganishwa kwa kuyeyushwa) za PN16 (daraja la presha; namba kubwa ni imara zaidi) kwa maji baridi na ya moto. Hita ni ya sola, na maji yasipotumika mchana yanaweza kukaribia kuchemka. Mimi nataka PN20 yenye faiba (tabaka la nyuzi za kioo) upande wa moto, kwani PPR tupu hurefuka sana ikipata joto.

Kinachoninyima usingizi ni viungo. Nimekata kimoja cha milimita 25: plastiki imeyeyukia ndani, imeziba karibu nusu ya tundu. Mashine ya kuyeyushia iko nyuzi 260 sawasawa, ila fundi anashikilia bomba humo hadi moshi utoke badala ya sekunde 7. Kupima presha kutaonyesha tatizo hili, au nivikate vyote kabla ya plasta?