Naomba ushauri: matandazo ya gharama nafuu kwa bustani ya mboga

Ndugu wanachama, salamu kwenu. Ninalima nyanya, sukuma wiki na nakati (mboga ya majani) hapa Bombo, wilayani Luweero, Uganda, na kabla kiangazi cha Desemba hadi Februari hakijaanza ningependa kuyafunika matuta yangu kwa matandazo yatakayohifadhi unyevu, kwa kuwa maji nayanunua kwa madumu. Majani makavu ya migomba ninayo bure, lakini mchwa huyashambulia haraka mno: ukiinua jani asubuhi unakuta imebaki mishipa mitupu, na chini yake vijia vya udongo vimeshaelekea kwenye mashina ya nyanya. Maganda ya kahawa yanapatikana vinuni kwa bei ninayoimudu, ila jirani yangu ana mibuni ya robusta, nami nachelea kumletea ugonjwa wa mnyauko, ambao huweza kusambazwa na maganda yaliyotoka kwenye miti iliyougua. Hilo kwangu ni zito kuliko gharama. Je, kuyaozesha kwanza maganda hayo kunatosha kuondoa hatari? Na kwenu mnaolima penye mchwa, je, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa hudumu zaidi, na mnayatandaza kwa unene gani bila kuozesha mashina?