Tupeane uzoefu: Mara yako ya kwanza kucheza mchezo wa dadu na hadithi ilikuwaje?

Mhasibu wa Ilazo

Wakuu, habari za Jumapili.

Nimehamishiwa Dodoma mwaka wa tatu sasa. Wenyeji mnajua Ijumaa inavyokuwa maofisini: mabegi yako chini ya meza tangu asubuhi, na ikifika saa tisa watu wanaulizana wamekata treni ya saa ngapi. Tangu SGR ifike huku 2024 ndiyo basi tena. Sisi tusio na mtu Dar tunabaki na upepo na vumbi. Kwa hiyo kijana mmoja wa ofisini anayekaa Kisasa, Nyumba 300, aliponiambia "dada, Jumamosi njoo kwangu tucheze gemu", sikuuliza gemu gani. Nikajua karata. Nikabeba karanga na kilo ya zabibu.

Nakuta watu wanne mezani, penseli, vifutio, na dadu za maumbo ambayo sijawahi kuyaona. Ya pande 4 imechongoka kama sambusa. Ya pande 20 ukiirusha inabingirika mpaka chini ya kochi. Nikauliza ubao uko wapi, nikaambiwa hakuna ubao. Sasa mtu anashindaje? Hakuna anayeshinda. Moyoni nikasema leo nimepotea njia.

Kwa msiojua: mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza mahali mlipo na kinachotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na karatasi yenye sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Ukitaka kufanya jambo ambalo linaweza kugoma, unarusha ile ya pande 20, unajumlisha au kutoa kulingana na sifa yako, kisha unaambiwa kama umefikisha. Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, wa Marekani, ulitoka 1974. Waliouanzisha, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa watu wa michezo ya vita ya mezani, ile ya kupanga vikosi vya askari wadogo wadogo. Wao badala ya kukupa kikosi kizima wakakupa mtu mmoja, mwenye jina na shida zake.

Sheria hazikunisumbua, mimi ni mhasibu. Kilichonitoa jasho ni swali dogo tu. Tumefika darajani, mlinzi anataka sarafu 10 kwa kila kichwa. Msimulizi akanigeukia: "Unafanya nini?" Nikasema, "Huyu wangu labda angeomba apunguziwe." Akasema, "Siyo yeye, dada. Wewe. Mlinzi yuko mbele yako, anakuangalia."

Watu wanne macho kwangu, mimi mama mtu mzima, naona aibu kama niko kwenye usaili. Kimya. Sijui ilitoka wapi, nikasikia mdomo wangu unasema: "Mwanangu, hebu nitazame vizuri. Ninazo 4, na 2 kati ya hizo ni nauli ya kurudi. Au unataka tulale hapa kwako?" Sauti ileile ninayonunulia nyanya soko la Majengo! Mvuto wangu ulikuwa 8, maana yake natolewa 1. Ilitakiwa 15. Dadu ikaleta 17. Tukavuka wote kwa sarafu 2. Usiku nimelala saa saba, nacheka peke yangu kama chizi.

Haya, leteni za kwenu.

Mzee wa Vizibo

Dada umenikumbusha mbali. Sisi tulianzia hosteli pale UDOM. Dadu ya pande 20 tuliitafuta Sabasaba na kwenye maduka ya vifaa vya shule mpaka wauzaji wakatuona vichaa. Simu zilikuwepo, lakini mwenye simu ndiye aliyekuwa akisoma namba, na hakuna aliyemwamini. Tukaokota vizibo 20 vya soda, tukaandika namba kwa maka peni upande wa ndani, tukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Unafumba macho, unachomoa, unasoma, unarudisha, unatikisa. Lile kopo likitikiswa saa sita usiku chumba cha jirani wanagonga ukuta.

Sasa mwenzetu mmoja alikuwa anacheza kibaka. (Kwenye kitabu wana jina la heshima zaidi, sisi tulimwita kibaka.) Usiku mmoja akachomoa 20. Tukashangilia. Akachomoa 20 tena. Ya tatu ilipotoka, jamaa aliyekuwa anasoma takwimu akaweka kalamu chini, akasema taratibu: "Tatu mfululizo ni mara 1 katika 8,000. Kaka, leta hicho kizibo."

Kumbe kizibo cha 20 kilifunguliwa vibaya, kimekunjika ukingoni kama sikio la mbuzi. Jamaa alikuwa anapapasa mle ndani, akiligusa sikio anavuta. Mkono wake ulikuwa unachelewa kutoka, na sisi tulidhani anaomba dua! Tulipombana akajibu bila haya, "Mlinipa kibaka, mlitaka nicheze kama nani?" Hatukuwa na jibu. Kesho yake tulivigonga vyote kwa jiwe vikawa bapa kama sarafu, mchezo ukaendelea. Mpaka leo ninavyo, 19. Kimoja mwanangu kakimeza, alikuwa mdogo, kilitoka salama.

Kipanga76

Watu wazima mna kazi zenu mnakaa mnajifanya mashujaa wa mapangoni. Aisee.

Mzee wa Vizibo

Mkuu, wewe mikeka yako ya jana ilikaaje?

Kipanga76

Tuyaache hayo.

Binti Makole

Yangu fupi. Mdogo wangu alisahau karatasi yake kwenye kochi. Mama akaiokota, akasoma: "Nimeua mmoja, nimepata 50. Bado watatu." Hajasema kitu mchana kutwa. Usiku dogo anaingia, mama kakaa gizani: "Hamsini gani? Nani anakulipa?"

Ilibidi dogo aeleze kuwa 50 ni alama za uzoefu za kumuua kijizimwi kimoja, ukifikisha 300 unapanda daraja. Mama akauliza kijizimwi ni nini. Hapo ndipo alipoharibu, akamwonyesha picha. Kesho yake tuna wageni watatu wa maombi sebuleni. Niliwahi kusoma kwamba hata Marekani kwenyewe, miaka ya 1980, wazazi walihangaika hivyohivyo wakidhani ni mambo ya ushetani, nikamwambia mama. Akasema, "Unaona? Hata wao walijua."

Fundi Nkuhungu

Ngoja mimi niseme ukweli maana naona wote mnasifia. Mimi sikuipenda.

Nilialikwa na jamaa wanaojua sana. Saa mbili nzima tunajaza karatasi tu. Nguvu: rusha dadu nne za pande 6, toa ndogo, jumlisha tatu zilizobaki. Rudia mara sita. Halafu rangi, halafu silaha, halafu uzito wa kamba. Kamba! Tukaanza, na kila kitu ni Kiingereza. Mimi Kiingereza cha kusoma maelekezo ya mashine ninacho, na cha kuongea na mteja mzungu nakipapasa kinatosha. Cha kutania sina. Wenzangu wanacheka, mimi natabasamu nikiwa nyuma sentensi mbili. Kwa saa tatu nilisema "I attack" mara nne. Nikaaga, nikasema mke ananisubiri. Sikuwa na mke.

Dada Mhasibu, pale darajani uliongea Kiswahili. Ungeambiwa uombe kwa Kiingereza ungevuka?

Mhasibu wa Ilazo

Kaka Fundi, nisingevuka. Ningelipa zile 10 na chenji nisidai.

Kwetu walishaanza kwa Kiswahili kabla sijafika, ila hawakupita salama. Kuna wale viumbe warefu wenye masikio yaliyochongoka, wanaitwa elf. Siku yangu ya kwanza dada mmoja akajitambulisha: "Mimi ni elfu." Nikamuuliza kwa nia njema kabisa, "Elfu ngapi?" Sasa hivi wote wanamwita Buku. Na mwenye uchawi hakuna aliyekubali kuitwa mchawi, tumemwandika mganga, na anadai kuku kabla ya kazi.

Halafu kuna jambo la maana hapa. Januari 2023 sheria za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Yaani unaruhusiwa kuzitafsiri, kuzichapa, hata kuziuza, mradi utaje zilikotoka. Mwenye muda na Kiswahili chake aingie kazini. Mimi najitolea sura ya bei za vitu, si mnajua fani yangu.

Sita kwa Sita

Fundi, uliingizwa mlango wa nyuma. Ipo michezo midogo ya aina hii isiyotaka hata hizo dadu za sambusa. Chukua dadu mbili za ludo, rusha pamoja. Ukipata 10 kwenda juu, umefanikiwa. 7 mpaka 9, umefanikiwa lakini unalipia: umeruka ukuta, kiatu kimebaki upande wa pili. 6 kushuka, msimulizi anakupa balaa. Nimehesabu: katika matokeo 36, la raha ni 6 tu, la katikati 15, la balaa 15. Ndiyo maana hadithi zake hazipoi, kila saa kuna kiatu kimebaki mahali. Karatasi ya mhusika unajaza dakika kumi.

Tahadhari moja: msichezee hadharani. Mgahawa mmoja hapa mjini (siutaji) walituona na dadu na noti zetu za chakula mezani, mlinzi akaja kusema kamari hairuhusiwi. Tukamweleza. Akasikiliza kwa makini sana, akauliza maswali mawili mazuri, halafu akatutoa.

Mwana wa Manyoni

Nimesoma wote, nimecheka, sasa nisikilizeni mimi maana nimedhulumiwa.

Mara yangu ya kwanza ni mwezi uliopita, Area C, kwa binamu. Yeye ndiye msimulizi, wachezaji tupo wanne. Tumetembea usiku kucha (mchezoni) tumefika kwenye lango la mawe. Mbele yake kakaa bibi kizee anachambua mlenda. Hatuna dadu ya kurusha, hakuna wa kupigana naye. Binamu akabadilisha sauti, akasema polepole:

"Kitendawili."

Sote bila kufikiri: "Tega!"

"Hausimiki, hausimami."

Tukaanza. Nyoka. Siyo. Maji. Siyo. Kamba. Bibi akatabasamu kidogo, akasema mmekaribia lakini hamjafika. Moshi. Mkia. Mmoja akasema mlevi, tukamwomba anyamaze. Nusu saa! Chai imepoa. Mwisho bibi akaweka mlenda chini, akasema:

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

Sasa mnajua kitendawili kinavyokwenda, unapewa mji, unasema nilifika mahali fulani nikala nikanywa, halafu unatoa jibu. Tumekua nayo. Jamaa aliyekuwa kulia kwangu, hata hajafikiri, akasema, "Tunakupa Manyoni."

Nikasema subiri kwanza. Binamu ameshaanza: "Nilifika Manyoni, nikapokelewa stesheni, nikala nikashiba. Jibu ni mkufu." Tukapiga kelele zote mbili, ya mkufu na ya kushangaa. Tukadhani yameisha, lango litafunguka. Binamu akachukua ramani tuliyokuwa tunaichora toka saa nane, akatafuta Manyoni, akaizungushia duara la wino mwekundu, akaandika pembeni: *ya bibi*.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Mmempa mji. Kauchukua."

Wakuu, mhusika wangu anatoka Manyoni. Nimeandika kwenye karatasi kabisa, mama yake yuko huko, mbuzi wake sita wako huko. Nikamwambia yule jamaa kwa nini hukumpa Mpwapwa? Akasema ulimi uliteleza. Niliporusha dadu kudai irudishwe nikapata 3.

Jumamosi ijayo tunakwenda kumfuata bibi. Binamu kasema mji haurudi kwa upanga, lazima tumtegee kitendawili asichokijua, na bibi ana miaka mia tatu. Mwenye kitendawili kigumu, cha Kigogo, cha Kinyaturu, cha popote, aniletee hapa kabla ya Ijumaa.

Kipanga76

Mkuu, marehemu babu alikuwa na kimoja, hatukuwahi kukipata mpaka anaondoka. Nakuja inbox, nisikiandike hapa binamu yako akakiona. Na hiyo Area C ni saa ngapi?