Katika mji wa siwa, mwanangu ameambiwa ashike filimbi lakini asipulize

Mama wa Mkomani amefungua uzi mtandaoni:

Ninaandika haya buibui likiwa bado mwilini, kwa sababu tangu nirudi kutoka uwanja wa Mkunguni sijatulia hata nikalivua, na chai niliyowekewa imepoa mbele yangu mpaka imeota ngozi. Simtaji mtu jina, wala hapana haja. Kila aliyepita Usita wa Mui hapa Lamu mwezi huu wa Agosti amemwona na kile kijiti chake cha kuongozea muziki, ambacho hukipunga hata mbele ya punda ili wampishe, na kila aliyempelekea mtoto afundishwe muziki likizo hii ameshajua ninamsema nani kabla sijafika kwenye nukta.

Mwanangu wa miaka minane aliambiwa hivi leo, dakika tano kabla ya onyesho la kufunga programu: “Wewe shika filimbi mdomoni, chezesha vidole, lakini usipulize.”

Usipulize. Filimbi.

Nimelipa shilingi 4,500 za wiki tatu, na juu yake shilingi 800 za filimbi yenyewe, ile ya plastiki yenye matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Wiki ya kwanza walifundishwa noti tatu tu, si, la na sol, kwa kuwa ndizo zinazotaka vidole vichache, na mwanangu akazipiga asubuhi kabla ya uji, adhuhuri kabla ya wali na usiku baada ya isha, mpaka kuku wangu wakawa wanataga kwa kufuata mapigo. Wiki ya pili wakashuka hadi do ya chini, ambayo hudai matundu yote manane yazibwe kwa pamoja, na ukiacha upenyo mdogo kuliko punje ya mtama filimbi inapiga yowe. Mtoto alilala na filimbi chini ya mto. Siku moja nilimkuta anachezesha vidole juu ya kipande cha muhogo. Baada ya yote hayo anaambiwa ashike tu, kana kwamba tumemkodisha awe msumari wa kutundikia filimbi.

Sasa nawaeleza kilichoniua. Bibi yake alitoka Matondoni asubuhi juu ya punda kwa ajili ya onyesho hili. Sikio lake la kushoto limekufa zamani, kwa hiyo nilimkalisha mbele kabisa, lile la kulia likiwaelekea wapiga filimbi, naye akausogeza mtandio nyuma ya sikio ili asikose kitu. Muziki ukaanza. Nikamwona mwanangu, kanzu imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, mashavu yamejaa hewa, vidole vinapanda na kushuka barabara, si, la, sol, na midomo imebanwa kwenye filimbi bila pumzi kutoka. Bibi akainama mbele. Akainama tena. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe, watu wote wakasikia: “Mbona huyu wetu simsikii?”

Nimjibu nini? Nimwambie mjukuu wako ametiwa kizibo?

Na kama hilo halikutosha, katikati ya wimbo wa pili punda mmoja alilia pale pembeni, akalia kwa raha zake tangu mwanzo hadi kile kikohozi cha mwisho, na yule bwana akashusha kijiti, akatabasamu, akasubiri amalize, na watu wakampigia makofi. Punda hakulipa shilingi 4,500. Punda alipuliza.

Huu ndio mji wa siwa, jamani. Watoto hao hao walipelekwa kuitazama, wakaelezwa kwamba ni pembe ya fahari, kwamba haipulizwi kwa ncha bali kwa tundu la ubavuni, na kwamba zamani ililia katika arusi na tohara za waungwana ili mji mzima ujue. Mwanangu alirudi nyumbani macho yamemtoka kwa furaha. Ninyi mnaona sawa mtoto aonyeshwe siwa siku ya Jumatano, halafu siku ya Jumamosi anyimwe plastiki? Wareno waliutesa mwambao huu karibu miaka 200, na mabaya yao tunayajua, lakini sijasikia popote kwamba walimzuia mtoto wa Lamu kupuliza filimbi aliyoinunua kwa fedha za mama yake.

Halafu wameiita programu ya kiangazi. Jina hilo limekuja na masanduku ya vinanda kutoka Ulaya, ambako Agosti ni msimu wa joto na watoto wao wamefunga shule. Kwetu Agosti ni kusi, msimu wa upepo wa kusini na ubaridi, na mwanangu alikuwa akienda kwenye muziki wa kiangazi amevaa sweta. Hilo ningelisamehe. Hata kijiti ningekisamehe. Lakini mtoto aambiwe usipulize, mbele ya wenzake, na tena ahimizwe kuchezesha vidole ili udanganyifu upendeze?

Nimemaliza. La, sijamaliza. Alimwambia kwa kunong’ona, kama mtu anayempa zawadi.

Jirani wa Ukutani:

Dada, nakuheshimu, na Mwenyezi Mungu anajua kwamba ukuta ulio kati yetu ni wa mawe ya matumbawe, mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Sauti ile iliupita. Nimeishi na noti tatu kwa siku 19, na noti ya nne ilipowasili paka wetu alihamia kwa shemeji yangu. Wewe unamlalamikia bwana huyu, nami nilikuwa ninaulizia anakaa wapi ili nimpelekee samaki.

Mama wa Mkomani:

Jirani, jogoo wako huwika saa tisa za usiku na sijakufungulia uzi. Mtoto alikuwa anajifunza. Hakuna aliyezaliwa na do ya chini.

Fundi Vinanda:

Kwa faida ya wasomaji, yowe lile linatokana na mambo mawili, tundu lisilozibwa sawasawa na pumzi kali kupita kiasi, kwani filimbi ya namna hii ukiipuliza kwa nguvu huiacha noti yake na kurukia ya juu. Dawa yake ni kumfundisha mtoto apulize kama anayepoza uji kijikoni. Kumfundisha asipulize kabisa ni sawa na kutibu kikohozi kwa kumzuia mgonjwa asipumue. Hata hivyo nilikuwapo leo, na ninashuhudia kwamba katika wapiga filimbi wote 11, mwanao ndiye pekee ambaye hakukosea noti hata moja.

Jirani wa Ukutani:

Nimecheka mpaka mke wangu ameniuliza kuna nini. Uzi ufungwe hapo.

Mama Pacha, Langoni:

Usifungwe, kwa sababu wa filimbi mna bahati yenu. Mimi watoto wangu wawili waliandikishwa fidla. Fidla zilikuwa mbili kwa watoto tisa, na zote ni za watu wazima, ilhali mtoto wa miaka saba hutakiwa apewe fidla ndogo, nusu au hata robo, la sivyo mkono haufiki kichwani mwa chombo. Mdogo wangu aliishika kwa wiki nzima kama anayebeba papa. Lakini hayo ni utangulizi. Siku ya nne fidla moja ikawa bubu. Upinde unapita juu ya nyuzi nne huku na huku, sauti hakuna, na yule bwana akasema mbele ya wazazi kwamba wanangu “hawana mkono”. Nikauchukua upinde ule nikautazama karibu na dirisha. Nywele zake, ambazo ni za mkia wa farasi na hushika uzi kwa ulimbo unaopakwa, zilikuwa zinang’aa kwa mafuta, na zilinukia iliki. Watoto walikuwa wakila mahamri wakati wa mapumziko na kurudi kwenye upinde bila kunawa. Mahamri ndiyo yaliyoiua fidla, kisha wanangu wakaambiwa hawana mkono!

Mama wa Mkomani:

Pole sana Mama Pacha, lakini wako walau waliruhusiwa kujaribu kutoa sauti. Wangu alikatazwa kwa mdomo.

Baba wa Watatu:

Binti yangu alikuwa kwenye kwaya na aliambiwa afungue mdomo kwa upana, atabasamu na asitoe chochote. Mwanzo nilidhani ni yeye peke yake. Nilipowauliza wenzake nikagundua kwamba safu nzima ya nyuma ilikuwa imepewa amri hiyo hiyo. Tulikuwa tunatazama samaki.

Muuza Mahamri wa Kweli:

Kwa kuwa nimetajwa bila jina, nami nijibu bila jina. Mahamri hayo niliyapika mimi, iliki niliitia kwa mkono wangu na sioni haya. Yalikuwa 40 kila siku, kwa siku 15. Nimelipwa ya siku sita. Anayetaka kujua programu hii ina matatizo gani asianzie kwenye filimbi.

Mzee wa Baraza:

Wanangu, nimewasoma wote, na naona mmeacha kubwa mkashika dogo. Mjukuu wangu alipelekwa darasa la kinanda cha umeme. Jumanne ya pili akarudi, akanikuta napiga udi wangu baada ya magharibi, akasimama mlangoni akaniambia: “Babu, hiyo noti haipo.” Nikamwuliza haipo wapi. Akasema kwenye kinanda haipo, na mwalimu ameonyesha kwamba noti zote ziko pale. Udi hauna vizuizi shingoni, kidole kinatua kinapotaka, na katika maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama rasti na bayati kuna sauti zinazokaa katikati ya vibonye viwili vya kinanda, ambazo huwezi kuzipata hata ukikipiga kwa nyundo. Zein l’Abdin, yule mwimbaji wa taarabu, alizaliwa katika mji huu huu, na udi wake ulisikika mwambao mzima kwa sauti hizo. Leo mtoto wa Lamu anamwambia babu yake kwamba hazipo. Huyo bwana hakumnyima mjukuu wangu kupuliza. Amemnyima sikio.

Mama wa Mkomani:

Mzee wangu, shikamoo. Hilo nalo limenichoma, lakini ninaomba turudi kwenye filimbi kwa sababu bibi yake bado yuko sebuleni na ameniuliza tena.

Ami wa Shela:

Tutarudi, bibie, lakini kwanza acheni niseme la tari. Nililiazimisha tari la marehemu baba yangu kwa ajili ya darasa la ngoma, nikalivusha kwa boti nimelifunga kwa kikoi kama mtoto mchanga. Kila mtu hapa anajua kwamba ngozi ya mbuzi hunywa unyevu, na kwamba msimu wa kusi, hasa kukiwa na manyunyu, tari hulegea likawa linalia kama godoro. Kwa hiyo kabla ya kupiga huotwa moto. Nikaleta makumbi yangu ya nazi, nikayawasha uani. Yule bwana akaja mbio akayamwagia ndoo ya maji, akasema moto karibu na watoto haukubaliki, kisha akawagawia vijingoma vya ngozi ya plastiki, ambavyo havilegei kwa sababu havijawahi kukaza. Tari la baba likawekwa juu ya meza. Leo nimerudishiwa. Katikati ya ngozi kuna duara la mafuta kubwa kuliko sahani, na linanukia iliki.

Muuza Mahamri wa Kweli:

Naapa sikuyaweka mimi. Mimi niliyaleta kwenye ungo.

Mama Pacha, Langoni:

Ndiyo maana siku ya tano tuliona mahamri yamepangwa juu ya kitu cha mviringo! Nilidhani ni sinia la kienyeji.

Fundi Vinanda:

Ami, usilifute kwa maji wala sabuni. Nyunyiza unga mkavu, uache unywe mafuta usiku kucha, kisha upanguse kwa kitambaa cha pamba. Baada ya hapo liote moto wa mbali, na lizungushe.

Baba wa Watatu:

Makumbi yana moshi mwingi. Afadhali karatasi.

Mzee wa Baraza:

Karatasi huwaka upesi, ukashtukia ngozi imepasuka. Nimeona tari likipasuka usiku wa arusi kwa ajili ya gazeti.

Mama wa Mkomani:

Mzee amesema kweli. Marehemu baba yangu alikuwa haoti tari kwa karatasi kamwe. Alikuwa akingoja makumbi yaishe moshi yabaki makaa, akilishika tari umbali wa shubiri mbili, akilizungusha polepole na kuligonga kwa ukucha kila baada ya mzunguko, nasi watoto tulikuwa tunakaa kimya kusikiliza sauti inavyopanda. Ikifika mahali pake alikuwa haambii mtu, anacheka tu. Ami, usilifanye hilo peke yako huko Shela na upepo wote ule. Lilete kwangu kesho baada ya alasiri. Makumbi ninayo, na unga upo.

Ami wa Shela:

Nitavuka na boti ya saa kumi, inshallah.

Jirani wa Ukutani:

Tari nitakuja kulisikiliza, na samaki nitaleta mimi. Ila filimbi iwe imefungiwa kabatini.

Mama wa Mkomani:

Haiko kabatini, jirani. Iko sebuleni. Bibi yake amemwambia ampulizie sikioni, lile la kulia, na ni saa nzima sasa.