Naombeni ushauri: data za satelaiti ya NASA, barua ya kibali inatolewa na nani? Jumatatu ndo mwisho

Mchanga_wa_Mwezi:
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana bando la usiku linaisha saa kumi na moja. Niko mwaka wa tatu fizikia, chuo sitakitaja. Project yangu natumia data za TESS, ile satelaiti iliyorushwa Aprili 2018 kutafuta sayari za nyota nyingine, data zake zimehifadhiwa kule Marekani sehemu inaitwa MAST na yeyote anashusha bure, hata akaunti huhitaji. Nimeshusha, nimechora grafu, kazi imekaa vizuri kabisa. Sasa fomu ya idara ina kipengele "barua ya idhini kutoka kwa mmiliki wa data" na sup wangu, yaani msimamizi wa project, amekomaa hapo hapo, anasema wenzako waliokwenda hospitali wameleta barua, waliokwenda halmashauri wameleta barua, wewe hizi nyota umeziokota wapi? Naomba anayejua, NASA ni ofisi gani inatoa hizo barua? Au niende ubalozini? Nawasilisha.

Ngoja_Waje:
Ngoja waje.

Kigogo_Mstaafu:
Kijana, pole. Ila nikuulize kama mzazi, ukimaliza hiyo fizikia ya nyota unaajiriwa na nani? Mwanangu wa kwanza alisoma jiolojia nikauza shamba la mkorosho, leo anauza vioo vya simu Kariakoo na namshukuru Mungu anajenga, lakini mkorosho wangu haujarudi. Fikiria mambo ya ufugaji.

Mke_Kasepa:
Mkuu kumbe unasoma nyota? Nisomee na mimi basi, nimezaliwa mwezi wa tisa, mke kaondoka na friji, atarudi au nisahau?

Dira_ya_Kusini:
@Mke_Kasepa huo unaousema ni unajimu, mwenzio yuko kwenye astronomia. Friji sahau.

Mleta uzi, barua hakuna. Sio kwamba ni ngumu kupata, haipo, maana hakuna cha kuombea ruhusa. Data zenye kufungwa zipo, mfano za darubini ya angani ya James Webb, aliyeomba muda wa darubini kwa kawaida anapewa miezi 12 azitumie yeye kwanza halafu ndo wengine tunafunguliwa mlango. TESS haina kitu hicho, zikishachakatwa zinawekwa wazi, wewe na profesa wa Marekani mnazipata siku moja. Unachotakiwa ni kuwataja mwishoni mwa ripoti, wenyewe wameshaandika maneno ya shukrani ya kunakili, na seti ya data ina DOI, namba yake ya utambulisho, unaiweka kwenye marejeo kama unavyoweka kitabu. Printi ukurasa wa sera ya data umpelekee sup. Kazi ya dakika kumi.

Mchanga_wa_Mwezi:
Asante mkuu lakini humjui sup wangu. Yeye karatasi isiyo na muhuri anafungia maandazi.

bintiNgomeni:
Hapa nina lakusema japo si la barua. Mie kwetu Ngomeni, karibu na Malindi. Mnaijua satelaiti ya Uhuru? Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 baharini pale kwetu, kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaipa jina hilo. Ndiyo satelaiti ya kwanza duniani kufanya kazi ya kutazama eksirei za angani peke yake. Marehemu babu alikuwa mvuvi, alikuwa akisema siku zile wakifukuzwa wasisogee na mitego, kisha wasikia ngurumo na moshi mrefuu, yeye alichokumbuka zaidi ni kwamba samaki walikosekana. Katalogi yake ya nne ina vyanzo 339 vya eksirei na mpaka leo wanaastronomia wanaandika majina kama 4U 1700-37, hiyo U ni Uhuru! Na data zake zimehifadhiwa Marekani mtu azisoma bure. Sasa wewe wataka barua ya nini, sisi iliyorushwa kwetu hatukuombwa barua.

Kigogo_Mstaafu:
Binti umenikumbusha mbali. 1970 nilikuwa darasa la nne.

Steshenari_Master:
Mimi nina swali dogo kwa mleta uzi. Leo Ijumaa. Umeambiwa barua haipo, umeambiwa cha kufanya, bado unarudi kwenye muhuri. Nimefanya kazi steshenari ya pembeni ya chuo miaka mitatu, mwanafunzi akianza kuzunguka hivi najua kuna kitu kwenye bahasha. Una nini tayari?

Mchanga_wa_Mwezi:
Hakuna kitu mkuu, nauliza tu utaratibu.

Steshenari_Master:
Sawa. Nasubiri.

Dira_ya_Kusini:
Sema dogo, hatukuli nyama.

Mchanga_wa_Mwezi:
Aah basi. Ipo barua. Kuna jamaa mjini alinitengenezea wiki iliyopita, ina nembo ya NASA na muhuri wa bluu. Sijaipeleka, iko kwenye begi. Lakini wakuu tusihukumiane haraka, barua yenyewe haidanganyi chochote, inasema mwanafunzi huyu ameruhusiwa kutumia data, na ni kweli nimeruhusiwa si mmesema wenyewe ni za bure kwa wote? Sasa kosa liko wapi, nimeandika ukweli ule ule nikaongeza muhuri tu. Na nimeshalipa elfu kumi na tano.

MamaAsha:
Astaghfirullah. Mwanangu kughushi ni jinai, haijalishi umeghushi ukweli au uongo. Unatafuta cheti cha miaka mitatu unakiweka rehani kwa karatasi moja. Mama yako anajua?

Ngoja_Waje:
Wamekuja.

Steshenari_Master:
Tuwekee hiyo barua tuone, ficha jina lako.

Mchanga_wa_Mwezi:
Siweki picha. Ila juu imeandikwa NASA, S.L.P. 1, Houston, halafu "YAH: KIBALI CHA KUTUMIA NYOTA".

Steshenari_Master:
😂😂😂😂 NASA wanaandika YAH!! Na S.L.P.!!! Huyo jamaa alichukua barua ya mtendaji wa kata akabadilisha kichwa, namjua kazi zake.

Dira_ya_Kusini:
Hata anwani amekosea. Hifadhi yenyewe iko Baltimore, kwenye taasisi inayoendesha kazi za darubini ya Hubble, Houston ni wanaanga wa kupanda roketi. Na utumie nyota? Nyota unaitumiaje?

Chai_Rangi:
Jamani mimi nimekaa kimya nasoma lakini hii ni CHAI, tena ya maziwa na tangawizi. Mwanafunzi wa hapa hapa, bando la usiku, laptop ya kawaida, eti anashusha data za satelaiti ya kutafuta sayari, hizo si ni mafaili ya kujaza ghala zima? Halafu hajataja chuo, hajataja nyota, barua haonyeshi. Mleta uzi ni mwandishi wa hadithi anatuchota. Kama kweli, taja nyota na sayari yake inazunguka kwa muda gani.

Mchanga_wa_Mwezi:
Nyota ni WASP-18, sayari inaitwa WASP-18 b, sijaigundua mimi, iligunduliwa 2009, mimi narudia kupima. Inazunguka kwa siku 0.94.

Chai_Rangi:
Mmesikia? Mwaka mzima haufiki hata siku moja 😂 sayari gani hiyo, bodaboda? Mods fungeni uzi.

Dira_ya_Kusini:
Usifunge kitu. Hiyo ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote humu. Mwaka wa WASP-18 b ni chini ya saa 23, sayari ina uzito wa kama Jupita kumi na imejibana kwenye jua lake, na kamera za mradi uliokuja kuigundua zilikuwa Sutherland, Afrika Kusini, sio mbali kihivyo. Na mafaili sio ghala zima, usipochukua picha nzima za anga bali grafu ya mwanga ya nyota moja ni kama MB 2 kwa kila duru ya siku 27. Wimbo mmoja wa bongofleva unazidi hapo.

Ila nikubaliane na Chai kwenye moja, haya yote mtu anaweza kuyasoma mahali akaja nayo. Dogo, ukichora duru moja ya data kama ilivyo, katikati unaona nini?

Mchanga_wa_Mwezi:
Pengo. Kama siku moja hivi hakuna nukta. Wiki ya kwanza nilidhani nimekosea kuandika programu nikashusha upya mara tatu, baadae ndo nikasoma kwamba satelaiti inazunguka Dunia kwa siku 13.7, ikifika karibu inaacha kuangalia nyota inatuma data chini. Na kwenye faili kuna safu mbili za mwanga, nilianza na SAP_FLUX ile ghafi inayumba yumba nikahamia PDCSAP ambayo wameisafisha. Mwanga unashuka karibu asilimia moja kila sayari inapopita mbele. Nikikunja data zote kwa siku 0.94, yaani kila mzunguko juu ya mwenzake, mashimo yote ya mwanga yanalaliana sehemu moja, mkuu siku ile nilimwamsha roommate saa tisa usiku aje aone shimo.

Dira_ya_Kusini:
Huyu amefungua faili. Kushusha mara tatu kwa sababu ya pengo hakutungwi.

Chai_Rangi:
Haya nyota nimekubali. Muhuri bado chai.

Steshenari_Master:
Wewe nawe. Miaka mitatu yangu pale, muhuri ndo kitu pekee humu ambacho sina shaka nacho.

MamaAsha:
Mnacheka mtoto anakwenda kujichimbia. Mwanangu kazi yako ni halali na umeihangaikia mwenyewe, unaitilia najisi ya nini? Mpigie mwalimu wako kabla ya Jumatatu umweleze kwa adabu.

Mchanga_wa_Mwezi:
Mama nitampigia ila sup hapokei simu wikiendi. Na mnaongea kirahisi, yeye ndo anashika maksi zangu, nikimwambia fomu yake haina maana kwenye kazi yangu ataona namfundisha kazi.

bintiNgomeni:
Usimwambie fomu haina maana. Mwambie mwenye data ameshaidhinisha dunia nzima kwa maandishi, na haya hapa maandishi. Ni barua pia, tofauti haina jina lako tu.

Dira_ya_Kusini:
Hilo la bintiNgomeni ndo uliseme. Na waandikie dawati la msaada la hifadhi leo leo, maswali ya wanafunzi ndo kazi yao, wakijibu unaambatanisha. Mbele ya sup fungua Lightkurve, programu ya kusoma data hizi, kwenye Python, data ya nyota ishuke live akiangalia. Ila tethering iwe na bando.

Kigogo_Mstaafu:
Hii Python ni ile ile nyoka?

Mchanga_wa_Mwezi:
Mrejesho, Jumatatu saa tisa alasiri. Nilienda na sera ya data imeprintiwa kurasa nne, DOI nimepiga rangi ya njano. Sup kasoma yote kimya, kaniuliza "hawa mbona wanagawa bure?" nikamwambia ndo walivyo. Halafu akanipeleka kwa mkuu wa idara, akasoma ukurasa wa kwanza tu, akachukua muhuri wa idara YETU akagonga juu ya karatasi ya Wamarekani, akasaini. Sup kaiweka kwenye faili, kwisha habari. Grafu hakutaka hata kuiona, kasema siku ya presentation. Ile ya Houston nimemrudishia jamaa, kagoma kurudisha elfu kumi na tano, anasema kazi alifanya.

Steshenari_Master:
Hawezi kurudisha huyo. Muhuri umechanwa lakini?

Mchanga_wa_Mwezi:
Muhuri anao yeye.

Mke_Kasepa:
Mkuu naomba namba ya huyo jamaa PM, kuna barua ya friji.