Kikundi cha Washikaji Mshipi, Tudor, Mombasa: safari ya Ziwa Ellis

Kassim: Asalam aleikum jamaa. Ijumaa twatoka kwenda Chogoria, tutavua trauti Ziwa Ellis, Mlima Kenya. Mkobani nishatia mshipi wa kuhimili ratili 40, waya, chubwi na pweza wa chambo. Nimesahau nini?

Ami Shee: Waaleikum salaam. Umesahau kuvitoa 😂

Kassim: Ami!

Ami Shee: Waya ni wa nguru. Trauti hana meno ya kukata uzi, na maji ya kule ni kioo, mshipi mnene auona mbali. Fimbo ya futi 9, namba 5, yaani ya mshipi wa uzito namba 5. Mshipi unaoelea, mbele yake uzi mwembamba wa futi 9, ncha yake ratili 4 au 5. Pweza mwache nyumbani, huko wavua kwa inzi bandia. Ndoana namba 10 na 12, inzi weusi na wa rangi ya majani makavu.

Salma: Inzi hana uzito, Ami. Bila chubwi atafika wapi?

Ami Shee: Uzito uko kwenye mshipi wenyewe. Warusha mshipi, inzi afuata. Ukipeleka fimbo nyuma, ngoja mshipi unyooke ndipo uirudishe mbele. Ukiharakisha utasikia mlio kama wa mjeledi. Hapo mtazame inzi wako, huenda hayupo.

Ami Shee: Tena usitie mguu majini kwanza. Anza kurusha ukingoni, hatua 3 au 4 tu, asubuhi samaki huja kula hapo hapo. Mwache inzi azame, hesabu 10, vuta shubiri moja, tulia, vuta tena. Kukiwa kimya, safari ya pili hesabu 15.

Kassim: Na fundo?

Ami Shee: Lile lile lako, mizunguko 5. Ila tia mate kabla ya kukaza. Uzi mwembamba ukikazwa mkavu huungua kwa msuguano, ukakatika fundoni. Na ncha ikirudi imejipindapinda, hiyo haikukatika, fundo limeteleza. Hukulikaza.

Bi Zuhura: Nyinyi na samaki wenu. Mwatoka usawa wa bahari mwenda karibu mita 3,450! Usiku wa kwanza laleni Chogoria mjini, wa pili kwenye geti la hifadhi, kama mita 2,950, ndipo mpande. Anayeumwa kichwa asipande zaidi. Akitapika au akiyumba, mshusheni usiku huo huo, msingoje kuche. Na jiko la makaa lisiingie hemani, baridi iwe kali vipi. Hewa yake mbaya haina harufu, mtu hulala asiamke.

Mwanaisha: Nami nilitaka kuwafungia mbaazi wakapike 😅

Bi Zuhura: Haziivi, mwanangu. Kule maji yachemka kwenye nyuzi 88 hivi. Labda wabebe sufuria ya presha. Wape mahamri.

Salma: Mtungi wa gesi ya butani nao usiku lala nao ndani ya blanketi. Kwenye nyuzi sifuri gesi haipandi, moto wafifia.

Kassim: Kiingilio twalipa getini?

Salma: Hapana, kabla, kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali. KWS, shirika la wanyamapori, hawapokei pesa taslimu. Ulizeni na kibali cha kuvua, hicho ni kando. Na gari liwe la magurudumu yote manne, mvua ikinyesha njia ya juu ya geti ni tope tupu.

Ami Shee: Samaki wa kurudisha, lowesha mikono kwanza, ule utelezi ndio ngozi yake ya pili. Wa kula, mpasue tumbo, kisha kwa ukucha wa kidole gumba kwangua ule mstari mweusi wa damu uliolala uti wa mgongo. Ukibaki, nyama huwa chungu. Magamba usihangaike nayo, ni madogo mno. Na tafadhali, msimtie tui. Chumvi na ndimu vyatosha.

Kassim: Fimbo namba 5 sina, Ami...

Ami Shee: Najua. Njoo baada ya Isha uchukue yangu. Pete ya ncha ya fimbo ipitishe pamba ndani. Pamba ikinasa, pana ufa, na uzi wako utakatikia hapo. Ikiwa hivyo nambie nibadilishe kabla hujaondoka.