Wakuu, nijengeje bidii ya mazoezi? Kocha kanipa hadi mwisho wa mwezi

Mrefu wa Tandika (mleta uzi), Jumapili saa 3:05 usiku
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 20, nacheza kikapu hapa Dar, urefu sentimita 193. Kipaji ninacho, hata wapinzani wanakiri. Tatizo ni bidii. Mazoezi yanaanza saa 12 asubuhi, mimi nafika nimechelewa dakika 20, mara nyingine 40, na wiki hii siku mbili sikutokea kabisa. Nikifika, miguu mizito kama nimefungiwa mawe. Jana kocha kanitoa mbele ya wenzangu: "Urefu kakupa Mungu, jasho unadaiwa wewe." Nisipobadilika mwezi huu, nitafute timu nyingine.

Nimenunua kamba ya kuruka, nimebandika ratiba ukutani, wapi! Mlioshinda uvivu mlifanyaje? Usiku silali nikiwaza.

Kaka Ribaundi
Dogo, achana na ratiba ya ukutani. Nunua daftari. Kila siku mitupo huru 100, mita 4.6 kutoka ubaoni, andika iliyoingia. Usiandike ulivyojisikia, andika namba. Mimi nilianza na 41, pale Don Bosco Upanga. Miezi mitatu baadaye nilikuwa sishuki 70. Siku ya kwanza kuandika 38 nilitamani kuchana ukurasa, lakini daftari halibembelezi mtu. Na wale wenzangu tuliokuwa tunabaki hadi taa zinazimwa, mmoja leo ana duka la vipuri, tukikutana bado ananitania ile 38.

Mpenda Takwimu
Urefu usikudanganye. Hasheem Thabeet wetu, futi 7 na inchi 3, Memphis ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, walimchukua namba 2 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009. James Harden alikuwa namba 3. Stephen Curry, futi 6 na inchi 2, akaenda namba 7. Nani leo anafundishwa kwa watoto?

Mwana Temeke
@Mpenda Takwimu usimguse Thabeet. Kijana aliyegusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 15 hapahapa Dar, akafika NBA, wewe umefika wapi?

Mama Wawili
Vijana wetu simu hadi saa nane usiku, asubuhi wanalia uvivu. Wa kwangu nilimnyang'anya simu, sasa anaamka kabla ya jogoo. Zima simu, mwanangu, sali, lala.

Nesi wa Zamu
Mleta uzi, umeandika "usiku silali". Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi? Nataka saa.

Mrefu wa Tandika
Ratiba yangu iko tofauti kidogo dada. Tubaki kwenye bidii.

Nesi wa Zamu
Tofauti vipi?

Mrefu wa Tandika
Haya. Nafanya kazi kiwanda cha mikate. Naingia saa 2 usiku, natoka saa 11 alfajiri, napanda daladala moja kwa moja mazoezini. Sikusema kwa sababu najua mtaniambia nichague kazi. Na nimeshachagua: Ijumaa nimempa msimamizi barua ya kuacha. Nina akiba ya miezi miwili. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, mahitaji yake nalipa mimi, lakini kazi zipo, umri wa kikapu haurudi. Msinihukumu.

Nesi wa Zamu
Kwa hiyo si uvivu! Unakesha kwa muda wa saa tisa umesimama, kisha unakimbia uwanjani. Mwili unajijenga ukiwa umelala, na wewe hulali. Hata ukibandika ratiba kumi, miguu itakuwa mizito.

Nguvu Mpya
Visingizio. Sudan Kusini Julai 2024 waliwakaba Marekani kule London, wakafungwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Walisubiri hali nzuri?

Mama Wawili
Akiba ya miezi miwili na mtoto yuko kidato cha nne? Mama yako anajua habari ya hiyo barua?

Mzee wa Chai
Jamani someni vizuri. Uzi umewekwa saa 3:05 usiku. Kazini anaingia saa 2. Unaoka mikate au unaoka uzi? Hii ni chai, tena ya tangawizi.

Mwana Temeke
Nimeshaleta kikombe na kitumbua.

Mrefu wa Tandika
Leo Jumapili, ni siku yangu ya kupumzika. Ndiyo maana nimepata muda wa kuandika.

Kazini huwa nipo kwenye tanuri. Trei zinatoka zimewaka, tunashikia vipande vya gunia. Mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, nina alama tatu za kuungua zimepangana kama ngazi. Unga unakaa kwenye kucha, nikitoka jasho uwanjani unakuwa ute, mpira unaniponyoka. Wenzangu wanasema sina mikono. Kocha aliuliza zile alama, nikasema nimeungua na pasi.

Nesi wa Zamu
Ina maana kocha hajui kama unafanya kazi usiku?

Mrefu wa Tandika
Hajui. Nikimwambia ataona natafuta huruma. Mama naye hajui kuhusu barua.

Kaka Ribaundi
Dogo, daftari liweke pembeni kwanza. Niliwahi kufundisha vijana. Mmoja alikuwa anachelewa kila siku, nikamwondoa. Mwaka mmoja baadaye nikamkuta Mbagala, akaniambia alikuwa anakuja kwa miguu, nauli alikuwa anampa mdogo wake. Sikumuuliza hata siku moja. Linaniuma mpaka leo. Mfuate kocha wako, mwambie saa unayotoka kazini. Na msimamizi muulize kama kuna zamu ya mchana kabla hajaipeleka hiyo barua.

Mrefu wa Tandika
Zamu ya mchana malipo ni madogo.

Nesi wa Zamu
Madogo kuliko sifuri?

Mrefu wa Tandika
Kesho nikiingia nitamuuliza. Kocha nitamfuata Jumanne, wenzangu wakishaondoka.

Mzee wa Chai
Jumanne nitakuuliza hapahapa. Kama ni kweli, nakuomba radhi mdogo wangu.

Mrefu wa Tandika
Sawa kaka. Saa 4 hii, nalala.