Mgeni akishuka Kigoma, tumpeleke kula wapi: hotelini au kwa mama lishe?

Mleta mada

Wana Kigoma, mlio nyumbani na mlio mbali, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naleta jambo tunalolizungumza vijiweni kila siku na hatulimalizi.

Binamu yangu kaja kutoka Dodoma, mara yake ya kwanza kukanyaga huku. Kashuka stesheni hoi kwa treni, ananiambia, "Kaka, leo nataka kula chakula cha kwenu." Nikampeleka hoteli moja ya heshima, viti vizuri, ziwa lote unaliona ukiwa mezani. Menyu ikaja: chipsi kuku, chipsi mayai, wali nyama, makange. Nikauliza samaki. Mhudumu akasema yupo sato. Katoka wapi? Mwanza. Yaani tumekaa tunalitazama Ziwa Tanganyika huku tunakula samaki wa Ziwa Victoria. Binamu alikula kwa adabu, hakusema kitu. Aibu niliiona mimi.

Kesho yake nikampeleka Kibirizi, kwenye kibanda cha mama ninayemfahamu tangu nikiwa mwanafunzi. Alikuwa na mgebuka, samaki wa ziwa letu, aliyevuliwa alfajiri ile. Alimpasua, akampaka chumvi na ndimu, akamlaza juu ya mkaa uliokwisha tulia, akawa anamgeuza kwa vidole bila hata kuangalia. Pembeni kulikuwa na sufuria ndogo, kitunguu na nyanya na pilipili vinatokota ndani ya mawese mpaka mafuta yanapanda juu. Ugali wa muhogo ukaja wa moto, mweupe, unavutika. Binamu akanyamaza tena, lakini safari hii alinyamaza mpaka akafika mkiani, kisha akauliza kama kuna mwingine.

Hoja yangu ni hii. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Treni ile ikianza kufika, wageni watakuwa wengi kuliko tuliowazoea. Mimi nasema mgeni akiuliza ale wapi, jibu letu liwe mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, na sokoni, kwa akina mama. Na Manispaa iwawekee hao akina mama paa, maji na vyoo hapo hapo walipo. Mnasemaje?

Mkazi wa Ujiji

Umenena, ila mbona umeiruka Ujiji? Watu wanadhani huku kuna mwembe wa Livingstone peke yake. Wageni wanakuja makumbusho, wanapiga picha pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, halafu wanapanda gari kurudi mjini kula chipsi. Inaniuma kila ninapowaona.

Ujiji ni dagaa wabichi, siyo wa kukausha. Dagaa wa Kigoma aliyesafiri gunia mpaka Dar ni mtamu, sikatai, lakini mbichi ni kitu kingine kabisa. Anang'aa kama sindano mpya. Hahitaji kukatwa wala kutolewa kitu, anaoshwa tu na kuingia sufuriani na nyanya na mawese kidogo, na asikae motoni muda mrefu maana anavurugika. Ukipata na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa vizuri, basi. Hapo ndipo mpeleke binamu yako kabla hajaondoka.

Muuguzi mstaafu

Wanangu, nimesoma na mate yamenijaa, lakini niruhusuni nipinge.

Mei 2015 nilikuwepo. Ndugu zetu wa Burundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, kwa maelfu, maji safi hayakuwepo, vyoo havikuwepo, kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba ilikuwa inawaleta mjini, wanapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika, na wagonjwa wakafika mpaka huku. Nimemwona mtu mzima ameingia anatembea asubuhi, jioni macho yamezama na ngozi ukiifinya hairudi. Aliyeona hivyo hawezi kusikia "kula popote" akanyamaza.

Sina ugomvi na mgebuka wala na mawese. Samaki aliyetoka kwenye mkaa sasa hivi ni salama kuliko wali uliolala hotelini. Ninachokiogopa mimi ni beseni. Mnalijua lile beseni. Watu ishirini wananawa ndani ya maji yale yale, wa mwisho anatumbukiza mkono kwenye maji yenye rangi ya mchuzi, kisha anaufinyanga ugali kwa vidole hivyo hivyo. Na sahani nazo zinasuuzwa kwenye ndoo moja tangu asubuhi. Mgeni kutoka mbali, tumbo lake halijazoea, ataugua, na atakayelaumiwa ni Kigoma nzima.

Kwa hiyo mimi nasema hotelini kwanza. Maji yakifika mwaloni, nitakuwa wa kwanza kuwapeleka huko.

Kijana wa Mwanga

Mama shikamoo. Ila hotelini nako tusidanganyane, nani kati yetu amewahi kuingia jikoni kwao akaona? Vitambaa vyeupe vya mezani haviniambii kitu kuhusu ndoo iliyoko nyuma.

Mpishi wa hoteli

Hapo kwenye jikoni nimeguswa, maana nimesimama jikoni za hoteli za mji huu miaka kumi na moja. Sitaitetea hoteli ya huyo ndugu, siijui ni ipi. Ila nieleze kwa nini mezani hamuoni mgebuka.

Meneja anataka menyu isiyobadilika, kitu kilichoandikwa kiwepo Jumatatu mpaka Jumapili. Samaki wa hapa hana ahadi hiyo. Leo mwaloni wamejaa, keshokutwa hakuna hata mmoja, au yupo kwa bei ambayo mteja atagoma. Yule sato mnayemcheka anakuja kwenye barafu, saizi moja, siku niliyomwagiza. Basi meneja anachagua usingizi wake.

La pili ni mawese. Nilipika maharage ya mawese kwa wageni wa semina, nusu wakarudisha, wanasema yananuka. Baadaye nikajua kosa lilikuwa langu. Nilinunua mawese yaliyokaa, na sikuyachoma vizuri kabla ya kuweka kitunguu. Mawese mapya yakichomwa mpaka moshi wa kwanza upungue, harufu ile inaondoka na ladha inabaki. Tangu hapo hakuna aliyerudisha sahani. Na ugali wa muhogo hivyo hivyo, wapishi wengi wanaoletwa kutoka nje ya mkoa hawajui kuusonga. Wanaupika kama wa sembe, unatoka madonge, mteja anasema hapendi muhogo. Hajaula bado!

Kwa hiyo msimamo wangu, kosa ni letu wapishi kuliko la wamiliki. Tungeandika kwenye ubao kila asubuhi samaki aliyepo, badala ya menyu ya kudumu, mgebuka angekuwa hotelini kesho. Kuhe naye. Nani huku anakumbuka kuwauzia wageni kuhe, samaki mtamu vile, nyama nyeupe, miiba michache?

Mtu wa Tabora

Sisi tunawategemea nyinyi kwa dagaa. Nauliza tu, kwa nini ukitafuna unasikia mchanga? Mke wangu anawaosha mara nne na bado.

Mvuvi wa Katonga

Ndugu wa Tabora, huo mchanga unatokana na kuanika chini, ufukweni. Dagaa akianikwa kwenye chanja, upepo unapita juu na chini, anakauka upesi na hana mchanga. Wa chanja bei yake imepanda kidogo, ndiyo maana wachuuzi wengi wanakupelekea wa chini. Ukinunua, chukua kiganja kimoja, kipukutishe juu ya karatasi nyeupe. Utaona mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye hoja, maana mpishi amegusa jambo ambalo wengi hamlijui. Dagaa na mgebuka tunawavua usiku kwa taa. Mwanga unawavuta juu, tunawazingira. Mbalamwezi ikiwa kali, taa yetu haina nguvu, samaki wametawanyika, boti zinapumzika. Kwa hiyo anayeuliza ale wapi, aulize kwanza mwezi uko wapi. Aje giza likiwa zuri, atakula mpaka achoke. Akija mbalamwezi, akiletewa "mgebuka wa leo", aulize vizuri.

Na kuna miezi ya kufunga. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Nyumbani kwangu ilikuwa shida, sitaficha. Nilibeba mizigo bandarini ili watoto wale. Lakini nimevua tangu nyavu zikija na dagaa wa saizi ya kidole, na nimeona walivyopungua mpaka wakawa kama nywele. Mimi naikubali ile miezi mitatu. Ninachowaomba ninyi mnaopeleka wageni kula, ziwa likifungwa msimshinikize mama lishe atafute mgebuka kwa njia za gizani. Mpeni mgeni sombe, maharage ya mawese, dagaa wakavu waliowekwa akiba. Hicho nacho ni chakula cha Kigoma.

Mama lishe, Kibirizi

Mimi siye yule mama aliyetajwa pale juu, lakini jiko langu haliko mbali na lake. Binti yangu ndiye anaandika, mimi nasema.

Dada muuguzi, sijakasirika. Ulichosema kuhusu beseni ni kweli, na mimi nimeliacha. Nina dumu lenye koki, limekaa juu ya kreti, na sabuni imefungwa kwa kamba ili isiibiwe. Lakini hebu sikilizeni maji hayo yanatoka wapi. Nanunua kwa vijana wa baiskeli, dumu kwa dumu. Siku ya wateja wengi natumia madumu kumi na mbili, na kila dumu linatoka kwenye faida ya sahani. Mwenzangu asiye na mtaji anafanyaje? Anarudi kwenye beseni. Siyo kwamba ni mchafu. Amepiga hesabu ya maji na hesabu ya ada ya mtoto.

Mimi nimelipia kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, nikakivaa shingoni. Mwaka 2021 nchi nzima ilipoamriwa wamachinga wapangwe kwenye maeneo maalumu, nami nilihama, nikaonyeshwa sehemu nzuri tu, ina zege. Nilikaa wiki tatu. Siku ya kwanza niliuza sahani nne, ya mwisho mbili. Mteja wangu ni mvuvi, mpakiaji, na abiria anayesubiri boti. Mvuvi aliyekesha ziwani hawezi kupanda daladala kufuata ugali, anataka akishuka tu anawe, ale, alale. Nikarudi.

Kwa hiyo nikisikia "waboreshewe" nafurahi, nikisikia "wahamishwe kwanza" tumbo linanikata. Tuleteeni koki moja hapa. Bomba moja lenye mita, tutachangia bili, tuko wanawake tisa. Sihitaji jengo.

Muuguzi mstaafu

Mdogo wangu, umeniweka mahali pagumu. Koki na sabuni ndiyo hasa ninayoitaka. Kuhusu mgeni bado sijarudi nyuma, nasema apelekwe penye koki, pasipo na koki apite. Lakini mkiandika barua ya kuomba hiyo mita, niandikieni na mimi.

Mleta mada

Nimewasoma wote, na kuna mahali nimebadilika. Nilikuja na "kwa mama lishe" kana kwamba akina mama wote ni mmoja. Sasa nasema: penye maji yanayotiririka na moto unaowaka, awe mama lishe au hoteli. Na siyo kila wiki, kwa alivyotufundisha mzee wa Katonga. Hili la mwezi nimezaliwa hapa na sikulijua vizuri, nilidhani bei inapanda kwa uchoyo wa wachuuzi.

Lakini kwenye kuhamishwa sibadiliki. Chakula hiki kinatoka majini kinakwenda motoni, kati yake pana hatua mia moja. Ukiziongeza ziwe kilomita tatu, unakuwa na samaki mwingine.

Mama, mko tisa. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake asilimia nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili. Mkisajili kikundi, tangi na koki vinaombeka humo bila kusubiri hisani ya mtu. Nitakuja Jumanne na fomu, binti yako asome, tujaze pamoja. Mama muuguzi naye akipata nafasi afike, neno lake kuhusu kipindupindu lina uzito kuliko langu.

Na binamu bado yupo, anaondoka na treni ya wiki ijayo. Mzee wa Katonga, giza likoje?

Mvuvi wa Katonga

Mwezi unachelewa kutoka sasa. Kuanzia Alhamisi ni giza zuri, ziwa likitulia.

Mama lishe, Kibirizi

Basi mlete Ijumaa, saa moja asubuhi, siyo saa nne. Saa nne wapakiaji wameshamaliza. Nitamwekea mmoja wa kuchoma, na dagaa wabichi kidogo ili yule wa Ujiji asilalamike.